Kofia ya Nne ya Gari la Mahari

Baba mkubwa alilizunguka lile gari mara tatu, mikono kaifunga mgongoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimzunguka kila ng'ombe aliyeletwa nyumbani kwetu kwa ajili ya mahari. Alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, na katika ukoo wetu hakuna mnyama aliyeingia zizini kwa ajili ya binti bila yeye kumpitisha. Ng'ombe alimfungua mdomo, akampapasa nundu, akamwinua mkia, akamtembeza aone kama anachechemea. Gari alikuwa hajawahi kulikagua. Mimi nilikuwa jikoni na mama, nachungulia kwenye tundu la ukuta, maana aliyekuwa anapimwa pale uwanjani hasa nilikuwa mimi.

Mzunguko wa nne aliinama upande wa kushoto, mbele, akagonga gurudumu kwa fimbo.

"Hili limefanyaje?"

Mchumba wangu, yule mwalimu, akajibu kwa adabu kwamba mwaka uliopita, kwenye kituo cha kuuzia pamba, mkokoteni wa ng'ombe ulirudi nyuma ukaligonga. Gurudumu lenyewe zima, linatembea vizuri. Kilichobonyea ni ile kofia ya kung'aa inayolifunika tu.

"Hayo mengine matatu, kofia zake nzima?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hili je?"

"Linayo, mzee, ila ndiyo hiyo imebonyea."

Baba mkubwa akanyooka. "Mwalimu, ungeniletea ng'ombe aliyevunjika pembe moja, ningempokea?"

"Hapana, mzee."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Khaa! Damu ilinichemka. Pembe na kofia ya gurudumu vinahusiana wapi? Gari halilimi kwa kofia, halipigani kwa kofia. Nilikuwa nimeshainuka nikampe baba mkubwa vidonge vyake, mama akanivuta kanga, akanirudisha kwenye kigoda. Akaniambia kwa Kisukuma ninyamaze, nisije nikaharibu hata kile kidogo kilichobaki. Kupitia tundu nilimwona mwalimu akiingia garini, akawasha, akaondoka polepole na kofia zake tatu na nusu.

Niseme sasa gari lilifikaje kwenye mahari, maana najua kuna watu watadhani natia chumvi. Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ngulyati, na kanisani ndiye aliyetufundisha kwaya. Tulipendana hapo hapo kwenye kwaya, kwa kuibiana macho, hadi siku moja akaja na wazee wawili wa kwao kujitambulisha. Baba alitaja ng'ombe kumi na wawili. Kwa binti mweusi kama mimi hiyo ilikuwa heshima kubwa, kwetu binti mweupe ndiye anayepandishiwa mahari. Lakini ng'ombe wa kwao mwalimu walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana, wakabaki wanne tu. Kitu kingine cha maana alichokuwa nacho ni gari. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa padre mmoja mzungu kwa miaka mingi, na padre alipozeeka akarudi kwao, alimwachia gari lake. Lilikuwa gari la Kifaransa la zamani, rangi ya chai ya maziwa, magurudumu yake yote manne yamefunikwa kofia kubwa za chuma, zinang'aa hata uso wako unauona humo.

Baba alishaanza kuona wenzake wakinunua baiskeli mpya na redio za kaseti. Akakubali gari lisimame mahali pa ng'ombe wanane, na wale wanne waje kwa miguu yao. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea upande wetu. Na kwa sababu halikuwahi kutokea, baba mkubwa alilishughulikia kwa sheria alizozijua, nazo zote zilikuwa za ng'ombe.

Kulikuwa na mtu mwingine. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Bariadi bado iko chini ya mkoa wa Shinyanga, sabuni na sukari zimerudi madukani, mitumba inamwagwa chini siku ya mnada, na wanunuzi binafsi wa pamba wameingia na mizani zao kushindana na ushirika. Mmoja wao, mtu wa upande wa Magu, aliniona siku tulipopeleka pamba yetu kupima, akaulizia mimi ni binti wa nani. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli. Alikuwa na mke mmoja tayari, pikapu nyeupe, na ng'ombe kumi na wawili angeweza kuwaleta kesho yake asubuhi, wote wazima, pembe zote. Alimletea baba kreti la soda na mfuko wa sukari. Baba akamjibu kistaarabu kwamba msimu wa pamba ukiisha atampa jibu.

Maana yake ilikuwa wazi. Mwalimu akikamilisha mahari kabla pamba haijaisha mashambani, nakwenda Ngulyati. Akishindwa, nakwenda Magu kuwa mke wa pili. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mkaidi, na usiku mmoja nililala macho nikaapa kwamba Magu siendi, labda wanibebe.

Mwalimu naye hakulala. Wiki iliyofuata aliomba ruhusa shuleni, akapanda basi kwenda Mwanza kutafuta kofia nyingine. Kule kwenye maduka ya vipuri walimcheka. Walimwambia gari la namna hiyo hata mwenye kiwanda ameshalisahau, siku hizi ni ya Kijapani tu. Mmoja akamshauri anunue seti ya kofia za plastiki zilizopakwa rangi ya fedha, ndizo zilizokuwa zimeingia mjini, kila mwenye gari anazigombania. Akanunua nne. Akazitoa zile za zamani zote, akazifunga hizo mpya kwa waya kwenye rimu. Kwa mbali, haki ya Mungu, zilipendeza. Nilipoliona gari linaingia uwanjani siku ile nilishika mkono wa mama nikaubana.

Baba mkubwa hakulizunguka hata mara moja. Alinyoosha fimbo akagonga kofia ya kwanza, ikalia ko, ko.

"Hii ni beseni," akasema.

"Ni za kisasa, mzee. Mwanza wote wanatumia."

"Mwalimu, umemvalisha ng'ombe pembe za mti, unaniletea mimi nimpokee? Za kwake za kuzaliwa ziko wapi?"

Wazee wengine wakacheka. Baba yangu hakucheka, alikuwa anachora chini kwa kijiti. Baba mkubwa akatoa nafasi moja ya mwisho: Jumamosi ya wiki ya pili kuanzia hapo, siku ambayo wanunuzi walikuwa wametangaza kufunga mizani. Gari lije na kofia zake lilizozaliwa nazo, nne, zinazofanana. Zikiwa tatu, lisije.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta mwalimu nyuma ya kanisa, kaegemea ukuta, kitabu cha nyimbo kwapani. Alikuwa amekata tamaa kabisa. Aliniambia kwa ile sauti yake ya upole kwamba amefikiri sana, na labda Mungu hajapanga.

"Hajapanga nini?" nikamuuliza. "Mungu ndiye aliyeigonga hiyo kofia? Si ulisema ni mkokoteni?"

"Nimejaribu. Fundi wa magari pale mjini ameniambia ataijaza puti, aipake rangi. Lakini haitang'aa tena. Babako mkubwa ataijua kabla hajafika karibu."

"Nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Hiyo kofia. Nipe."

Alinitolea macho. Alikuwa na sababu. Kwetu binti hagusi mahari yake. Siyo mkosi, ni hesabu tu ya wazee: kitu alichokishughulikia binti kwa mikono yake ni mali ya binti, na mali ya binti ni ya nyumbani kwao, sasa utamlipaje baba yake kwa kitu cha nyumba yake mwenyewe? Mama alikuwa akisimulia juu ya msichana mmoja wa zamani aliyemwonea huruma ng'ombe wa mahari yake, ana kidonda begani, akampaka dawa mpaka akapona. Wazee walipojua walimkataa yule ng'ombe. Wakasema huyu si wa mahari tena, huyu ni wa binti. Ndoa ikachelewa mwaka mzima.

"Wakijua, ndiyo imekwisha," mwalimu akasema.

"Wakijua kutoka kwa nani? Mimi sisemi. Wewe utasema?"

Aliondoka na kitabu chake kwapani. Ila Jumatatu jioni aliniletea kofia imefungwa ndani ya gunia, na pamoja nayo kipande cha boksi. Alikuwa amechukua kofia mojawapo iliyo nzima, akapima umbo la mgongo wake kwa bikari ya shule, akalichora kwenye boksi na kulikata kwa wembe. Ukiliweka lile boksi juu ya kofia nzima, linalala bila kuacha hata mwanya. Ukiliweka juu ya ile iliyobonyea, ungeweza kupitisha ngumi chini yake. Nikapiga moyo konde. Nilijua sasa kazi yangu itakwisha hapo boksi litakapolala.

Jumanne nilimwambia mama napeleka mpunga mashineni kukoboa. Nikaitia kofia katikati ya mpunga, nikabeba kichwani hadi nyuma ya soko la Bariadi, kwenye kibanda cha fundi masufuria. Huyu alikuwa mtu wa makamo, maarufu kwa kuziba masufuria na kutengeneza karai, lakini tangu sufuria mpya za bei rahisi na mabeseni ya plastiki yaanze kuingia, watu walikuwa wanatupa badala ya kuziba. Alikuwa amekaa amekunja uso, hana kazi mbele yake, ana hasira na dunia nzima. Tulielewana haraka.

Aliigeuza kofia, akaigonga kwa ukucha, akaisikiliza.

"Hii siyo sufuria," akasema. "Chuma chake laini, lakini juu kavalishwa ngozi ya kung'aa. Ukimpiga kwa nguvu, ngozi inabanduka. Ukimpasha moto, inabanduka. Nani kakutuma?"

"Nimejituma."

"Ni ya gari la nani?"

"La mahari yangu."

Aliangua kicheko hadi akakohoa. Halafu akaona sicheki, akaacha. Nikamweleza yote, baba mkubwa na fimbo yake, Magu na pikapu. Akasikiliza hadi mwisho akiwa anasugua bega lake la kulia. Alikuwa ameanguka na baiskeli msimu wa mvua, na tangu hapo mkono ule ukiinua nyundo unatetemeka.

"Mimi siwezi kazi ya pole namna hii," akasema. "Nitakuonyesha. Kupiga utapiga mwenyewe. Ukija hapa na haraka, usije kabisa."

Alinipa mguu wa suruali kuukuu uliokatwa, nikashona upande mmoja, tukaujaza mbegu za pamba tukashindilia, tukashona na upande wa pili. Huo ndio uliokuwa mto wa kazi. Mchanga unakwaruza, alisema, mbegu za pamba zinapokea pigo bila kulirudisha. Ukiilaza kofia kifudifudi juu yake, uso wa kung'aa unazama kidogo kwenye mbegu na unashikwa pande zote. Kisha akanipa ncha ya pembe ya ng'ombe, fupi, imesuguliwa hadi laini. Unaisimamisha ncha hiyo ndani ya kofia, unaigonga kichwani kwa nyundo ya mti, taratibu. Pembe haikwaruzi kama chuma. Na huanzi katikati ya bonde, pale palipobonyea zaidi. Unaanzia ukingoni mwake, unazunguka, unasogea ndani kidogo, unazunguka tena, mpaka bonde linajiinua lenyewe.

Siku ya kwanza sikuona mabadiliko yoyote. Nilizunguka na kuzunguka, vidole vinauma, jua limeshafika utosini, nikiweka boksi juu naona mwanya ule ule. Wauza dagaa wa Lamadi waliokuwa wanatandaza vikapu vyao jirani walianza kunitania.

"Bebe, wewe binti, unatengeneza sahani ya harusi?"

"Ndiyo," nikawajibu, "na ninyi hamli."

Wakacheka sana, nami nikapandwa na hasira, nikahama ukingoni, nikaweka pembe katikati kabisa ya bonde na kupiga pigo moja la nguvu. Kikasikika kitu kama kiungo cha kidole kinapolia. Nilipoigeuza, kwenye uso wa kung'aa pametokeza uvimbe mdogo kama chunusi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Weee! Nililia machozi pale pale mbele ya wauza dagaa.

Fundi aliichukua, akaitazama, akasonya. "Sasa una kazi mbili. Bonde na kilima. Hizo hasira zako ziache nyumbani, au mpelekee huyo mwenye pikapu, hapa hazijawahi kunyoosha chuma."

Nilitaka kumtupia nyundo. Nilirudi nyumbani na mpunga wangu haujakobolewa, nikamdanganya mama kwamba mashine imeharibika.

Jumatano nzima niliimaliza kwenye ule uvimbe. Safari hii kofia ililala chali, uso juu, nikaupunguza uvimbe kwa vipigo vidogo kupitia kitambaa, fundi ananihesabia pumzi: gonga, pumua, gonga, pumua. Nilimchukia. Lakini kufikia saa kumi jioni uvimbe ulikuwa umelala, ngozi ya kung'aa haijabanduka, na mkono wangu ulikuwa umeshajua uzito unaotakiwa. Alhamisi nilirudi kwenye bonde, nikalizunguka kama nilivyofundishwa, na saa nne asubuhi nikaliona linainuka. Kweli tupu, niliona kwa macho yangu chuma kinarudi. Wauza dagaa waliacha utani. Mmoja wao alisogea akashika boksi akaliweka mwenyewe juu ya kofia, akapiga jicho kwenye mwanya, akasema bado unene wa kidole kimoja. Kuanzia hapo wote wakawa mafundi, kila mmoja ananielekeza.

Nyumbani mama aliniuliza, "Mpunga gani huo unaokobolewa siku tatu?" Nikainamisha kichwa, nasubiri maswali mengine. Alitazama mikono yangu, malengelenge yamepasuka, akaenda kuleta mafuta ya ng'ombe akaniwekea mkononi. 

Siku zilizofuata nilikwenda kila nilipopata upenyo. Nilinyoosha mdomo wa kofia, nikazirudisha duara tatu zilizochorwa usoni mwake, nikavikunja upya vibano vya ndani vinavyoishika kwenye rimu. Jumatano ya wiki ya mwisho boksi lililala. Fundi alilisogeza huku na huku akitafuta mwanya, hakuupata. Ndipo akanipa majivu aliyoyachekecha kwa kitambaa, nikayachanganya na mafuta ya taa kidogo, nikasugua kwa pamba, kisha nikamalizia na dawa ya meno. Nikajiona humo ndani, uso mzima, pua na macho. Ila ukipitisha kiganja taratibu, ulisikia vijimawimbi. Macho hayakuviona, kiganja kiliviona.

"Hivyo havitoki," fundi akasema. "Hivyo ni vyako."

Nilimpa kuku. Alikataa, nikamwachia kibandani nikaondoka nakimbia. Wabeja, nilimshukuru kwa mbali.

Mwalimu aliifunga kofia Ijumaa. Alikuja na gari hadi kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na kumbe njiani ilimdondoka ikabingirika hadi mtaroni, bahati nzuri kwenye majani. Nilichukua koleo, nikavikaza vibano vyote nikiwa nimepiga magoti nyuma ya kanisa, yeye amesimama akinikinga watu wasinione. Nilipomaliza niliipiga teke. Haikutikisika. Alinishika bega. Nikamwambia kesho afunge mdomo, kazi imekwisha, kilichobaki ni kukaa kimya.

Jumamosi mwalimu na wazee wake walikuja saa tatu. Wazee wa kwetu wameshakaa kwenye viti, baba katikati, baba mkubwa pembeni na fimbo yake. Ile pikapu nyeupe ilipita barabarani inakwenda kituoni kubeba pamba ya mwisho, na kila mtu pale uwanjani aliigeukia. Mimi na mama tulikuwa jikoni, sufuria ya nyama motoni, na hakuna aliyekuwa anaikoroga.

Baba mkubwa alizunguka. Mara hii aliinama kwenye kila gurudumu akajitazama kwenye kofia, akaenda kwenye lingine. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika mbele kushoto alijitazama muda mrefu kuliko kwingine, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikaachia pumzi. Halafu akaweka fimbo chini, akapitisha kiganja.

"Hapa pana makovu," akasema.

"Ndiyo, mzee," mwalimu akajibu.

"Amepona vizuri. Nani kamtibu?"

Sema fundi, nikaomba kule jikoni. Sema fundi masufuria, hata uongo wenyewe ni nusu tu. Mwalimu alikuwa amesimama na ufunguo mkononi, anamwangalia baba mkubwa. Yule mwalimu alikuwa akimsimamisha mtoto mbele ya darasa zima kwa uongo mdogo wa penseli. Nikajua. Kabla hajafungua mdomo nikajua tumekwisha.

"Ni binti yenu, mzee," akasema. "Huyu niliyekuja kumwoa. Mimi nilichora boksi tu."

Mwiko ulinidondoka. Nasema bila kuficha, dakika ile nilimchukia kuliko nilivyopata kumchukia mtu yeyote. Siku zote zile, malengelenge, machozi mbele ya wauza dagaa, na yeye anazimwaga kwa sentensi moja! Baba mkubwa akaniita kwa sauti. Nikatoka na kanga yangu ya jikoni, nikapiga magoti mbele ya wazee, nikanyoosha mikono kabla hajaiomba. Aliitazama pande zote mbili.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba. Mlitaka kofia nne. Hakuna aliyekuwa anaitengeneza hiyo ya nne. Mlitaka nikae nione?"

Wazee wakaguna. Nilisubiri fimbo. Baba mkubwa hakukasirika hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliongea kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa.

"Basi gari hili siyo mahari," akasema. "Limepita kwenye mkono wa binti, ni la binti. Siku atakayoondoka hapa ataondoka nalo, aende kwa yeyote atakayekwenda. Mahari ya mwalimu ni ng'ombe wanne. Mimi nimemaliza."

Akakaa. Ng'ombe wanne! Hata binti wa mwisho wa ukoo hakuwa amekwenda kwa wanne. Mizani ilikuwa inafungwa siku ile ile, na mwenye pikapu angepita jioni kuchukua jibu lake. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimtazama baba yangu. Alikuwa ameacha kuchora chini, kijiti amekishika katikati ya vidole, haangalii mtu.

"Kaka amesema ya ng'ombe, na amesema sawa," akaanza polepole. "Sasa nakuuliza wewe, mwanangu. Yule ana kumi na wawili. Huyu ana wanne. Unasemaje?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Kwetu swali hilo haliulizwi mbele ya wanaume, haliulizwi popote. Tangu siku ya kwanza walikuwa wamezungumza juu yangu, mbele yangu na nyuma yangu, mezani na zizini, na mimi nilikuwa nimejiwekea maneno kifuani, mengi, makali, ya kuwamwagia wote siku nikipewa nafasi. Nafasi ndiyo hiyo. Nikafungua mdomo, likatoka neno moja.

"Huyu."

Baba akatupa kijiti. Akamwangalia baba mkubwa, akawaangalia wazee mmoja mmoja, na mmoja wao alikuwa ameshainua mkono kuomba kusema, ndipo mama, ambaye miezi yote hiyo hakuwa ametia neno, akatoka jikoni na mwiko wangu mkononi akapiga kigelegele. Alikipiga kirefu, majirani wakaitikia ng'ambo ya shamba, wanawake wakaanza kuja mbio wakidhani mambo yamekwisha. Na kigelegele kikishapigwa na kuitikiwa, hakuna mzee wa kukirudisha. Yule aliyeinua mkono akaushusha.